Buti za Siku ya Wageni

Kila atokapo shule, Kidomo hupitia maktaba anakofanya usafi mama yake, kisha hurudi nyumbani pamoja. Jina hilo alipewa na mama mwenyewe, kwa kuwa binti huyu hajui kunyamaza.

Katika stoo ya usafi zilitundikwa buti za mpira na glavu, bado zimo ndani ya mifuko yake ya plastiki. Mkuu wa maktaba alizinunua mwaka uliopita.

"Hizo ni za siku ya wageni," mama husema. "Tukizivaa ovyo zitachakaa."

Siku moja Kidomo alikuta bomba limepasuka. Chumba cha vitabu vya watoto kilijaa maji hadi vifundoni. Mama na mwenzake, Bonge, walikuwa mlangoni na ndoo zao, wamekunja nguo, miguu peku. Ndipo Kidomo alipoona plagi ya feni imezama majini, na feni yenyewe ingali inazunguka. Akatanua mikono mlangoni.

"Mama, usiingie. Umeme umo majini."

"Nipishe, mwanangu. Vitabu vinaloa."

"Sisi tumekausha mafuriko kabla hujazaliwa, bibi mdogo," Bonge akamtania.

Kidomo hakusogea hata inchi. Machozi yalimlengalenga. "Vitabu vitanunuliwa vingine. Mama nitamnunua wapi?"

Mama akaweka ndoo chini. Mkuu wa maktaba aliitwa, akakimbilia swichi kuu iliyokuwa ukumbini pakavu, akaizima, akafunga na koki kuu ya maji, kisha akamwita fundi umeme. Fundi alipoifungua soketi, alitikisa kichwa.

"Imeungua ndani. Mtu angetia mguu humu, saa hizi tungekuwa kwenye msiba."

Mama aliingia stoo, akachana mifuko ya buti kwa meno.

"Kwani wageni wamefika?" Bonge akauliza.

"Nilitunza viatu nikasahau miguu," mama akajibu. "Vaa zako."

Walifungua madirisha yote, wakavaa glavu, wakafanya kazi kama mchwa. Kufikia jioni sakafu ilikuwa kavu, na vitabu vilivyoharibika vilikuwa vitatu tu. Mkuu wa maktaba aliwapigia makofi.

Mama alimshika Kidomo bega. "Kinga ni bora kuliko tiba, mwanangu, lakini kinga iliyotundikwa ukutani haimkingi mtu. Ukiona hatari kazini, sema, hata kama wakubwa wanakucheka."

Kidomo alicheka kwa furaha. Kwa mara ya kwanza, mama alikuwa amemwomba aseme.