Saa Iliyobaki Nyuma

Verna Haugen alipofika tena kwenye ile pua ya mwamba iliyochomoza baharini, njia haikuwepo. Pale walipopita asubuhi kwa viatu vikavu, yeye na mumewe Orrin, sasa palikuwa na maji meupe yanayochemka, yanapanda jiwe, yanashuka, yanapanda tena. Kwanza akadhani wamepotea. Akarudi nyuma kidogo, akautazama ukuta wa jabali, akaona kome weusi waliojipanga kama shanga, walewale aliowagusa asubuhi. Hawakuwa wamepotea. Ni bahari iliyokuwa imehama.

"Haiwezekani," akasema, akiitazama saa yake ya mkononi.

Kile kitabu kidogo cha maji, kinachogawiwa bure kwenye maduka ya chambo, kilisema maji yangekupwa kabisa saa nne. Saa ya Verna ndiyo kwanza ilikuwa imepita saa tano. Maji yalipaswa kuwa mbali bado.

"Yanajaa, na yamejaa kweli," akasema Orrin.

"Hayawezi kujaa upesi hivi, bwana. Nimesoma kitabuni."

"Basi yasomee na hayo maji, labda yatasikia."

Verna hakucheka. Wakulima wa ngano walikuwa hawa, wa ng'ambo ya milima, ambako hata mvua huja kwa kubembelezwa. Lakini Orrin alizaliwa pwani hiihii ya Oregon, Marekani, mtoto wa mvuvi wa kaa, na siku zote alisema kabla hajafa atazitembelea hifadhi zake moja baada ya nyingine, kuanzia mdomo wa mto mkubwa kaskazini hadi kwenye misitu ya miti mikubwa kusini. Wakangoja mpaka wakauza shamba. Wakangoja tena goti la Verna lipone. Walipofunga safari, akili ya Orrin ilikuwa imeanza kuvuja kama ndoo kuukuu. Majira ya baridi aliweka buti zake kwenye jokofu, akazitafuta siku nzima huku akimlaumu mbwa aliyekufa zamani. Tangu hapo Verna alimwondolea vitu mikononi kimoja kimoja, kwa upole: funguo za gari, kiberiti, hesabu za benki, hata kisu cha kukatia nyama. Kisu kidogo cha mfukoni tu ndicho kilichomponyoka, hakujua kama kipo.

Na asubuhi hii, pale kwenye maegesho ya hifadhi ya Rasi ya Hallam, Verna alipotoka chooni, Orrin alimpokea kwa neno.

"Yule msichana wa langoni kasema tusogeze saa."

"Msichana gani?"

"Mwenye kofia."

Verna akatazama langoni. Hapakuwa na mtu, palikuwa na sanduku la chuma tu la kutumbukizia bahasha za ada. Simu yao ilikuwa imezimika tangu juzi, chaja imebaki nyumbani. Saa ya gari na saa ya mkononi zilisema jambo moja. Basi neno la msichana akaliweka pamoja na buti za jokofuni. "Haya, bwana," akasema, akachukua chupa ya kahawa, wakashuka ufukweni.

Sasa ukungu ukaingia. Haukuja kama moshi, ulikuja kama mtu aliyefunga pazia. Ile pua ya mwamba ikafutika, ikafutika na bahari yenyewe, ikabaki sauti yake tu, na sauti ilitoka kila upande: mbele, nyuma, hata juu kwenye jabali. Verna alizunguka, akazunguka tena, hakujua tena maji yako wapi. Alipotaka kumshika mumewe mkono, mkono haukuwepo.

"Orrin!"

Akamwona kwa mbali kidogo, kivuli kinachotembea kando ya jabali, kinapapasa mawe kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani. "Akili imempotea tena," Verna akawaza. Goti likamuuma. Karibu yake palikuwa na gogo kubwa lililotupwa na bahari, jeupe kama mfupa, nene kuliko ng'ombe, kavu kabisa. Akapanda, akakaa. Kitu kizito hivi, nani atakisogeza?

"Ilse!" Orrin akapiga kelele. "Ilse, toka hapo! Gogo si kiti!"

Ilse alikuwa dada yake Orrin, marehemu. Verna akasita, maana jina halikuwa lake, na kule kusita kukakaribia kummaliza. Wimbi likaja bila kuvimba, likateleza tu juu ya mchanga kama shuka inayotandikwa, likaingia chini ya gogo, na gogo lile likanyanyuka jepesi kama njiti ya kiberiti. Verna akaruka, akaanguka kwenye mawe, kiganja kikachanika kwa magamba ya kombe. Nyuma yake gogo likageuka, likajibamiza pale alipokuwa amekaa.

Orrin akamshika kwapa, akamvuta.

"Huku. Nimepaona penye nyasi. Panapoota nyasi bahari haifiki."

"Una hakika?"

"Kwani nyasi zinajua kusema uongo?"

Wakapanda. Orrin alikuwa anamwonyesha pa kuweka mguu, kisha anausukuma kwa mkono, kama alivyokuwa akimpandisha kwenye trekta enzi za ujana. Juu palikuwa na rafu ya mwamba, upana wa kitanda, yenye nyasi ngumu na maji yanayodondoka kutoka kwenye ufa. Orrin akaonja. "Matamu." Akakinga kwa kifuniko cha chupa, wakanywa, kisha akaosha kile kiganja na kukifunga kwa skafu yake, fundo kwa nje.

"Kunja ngumi. Usiiangalie."

"Nikiiangalia kwani itakimbia?"

"Mkaidi wewe," akasema, na mara hiyo alimwita kwa jina lake. "Verna."

Maji yakafika pale chini walipokuwa wamesimama, yakapapita. Baridi ikawaingia. Verna akaita mpaka koo likakauka, ukungu ukameza kila neno. Orrin akaanza kutetemeka, akauliza, "Tuko kwa nani hapa?" Akauliza tena. Kila mara Verna alimjibu, na kila jibu lilimtoka dogo zaidi, kwa sababu na yeye hakuelewa. Kama kitabu ni kweli na saa ni kweli, bahari hii imetoka wapi?

Kisha jicho la mzee likaangukia mwani uliokwama mwambani, ule mrefu, wenye uwazi ndani kama mpira wa kumwagilia bustani, wenye kichwa mviringo kama kibuyu. Dhoruba ya zamani ilikuwa imeurusha huko, jua limeukausha. Akatoa kisu mfukoni. Verna akafungua mdomo amkataze, akaufunga. Orrin akakata kichwa ubavuni, akakata mkia, akautia mdomoni, akapuliza.

Mlio ukatoka, mnene, wa kukoroma, kama fahali anayeita zizini.

"Mungu wangu! Umejifunza wapi hiyo?"

"Kila mtoto wa hapa anajua," akasema, akapuliza tena.

La mgambo likilia lina jambo. Haukupita muda mrefu sauti ya kike ikajibu kutoka juu ya jabali, kisha kamba ikashuka, kisha buti, kisha msichana mwenye kofia ya walinzi wa hifadhi, kibao kifuani kimeandikwa Rosalba.

"Nimeona gari lenu bado lipo, nikajiuliza," akasema akimfunga Verna mkanda. "Lakini babu, si nilikwambia asubuhi? Leo ndiyo siku ya kusogeza saa mbele. Kitabu cha maji kinafuata saa mpya!"

Verna akaganda na kamba kifuani. Kila mwaka majira ya kuchipua, karibu nchi nzima husogeza saa mbele kwa saa moja, usiku mmoja, na vuli huzirudisha. Alijua hilo tangu utoto. Ila nyumbani kwao ilikuwa kazi ya Orrin. Yeye ndiye aliyezunguka na kigoda chake, saa ya jikoni, ya sebuleni, ya ghalani, ya gari. Verna alimwondolea kila kitu mikononi, asijue kwamba na saa zilikuwamo. Walipoizunguka rasi asubuhi, yeye akidhani maji bado yanakupwa, yalikuwa yameshageuka zamani.

Jioni walikaa garini na blanketi za hifadhi mabegani, hita ikivuma. Rosalba akaegemea dirishani, akawapa supu ya chaza kwenye vikombe vya karatasi. Orrin akamtazama, akageukia mkewe, akasema taratibu, kama anayesema kwa mara ya kwanza:

"Yule msichana wa langoni kasema tusogeze saa."

"Nimesikia, bwana," Verna akasema. "Ila sijui kitufe kiko wapi. Nionyeshe."

Kidole cha mzee kikaenda moja kwa moja kwenye saa ya gari, hakikupapasa. Kikabonyeza, kikashikilia, mpaka tarakimu ikaruka.