Mashine Iliyonyimwa Usingizi

Mashine hufanya kazi ikipewa kazi. Hilo halihitaji kusoma. Kompyuta ya Mama Picha ilikuwa kinyume. Akikaa mezani kuunganisha video za harusi za watu, feni yake ilizunguka taratibu. Akiinuka tu kwenda jikoni kuonja mboga, nyuma yake feni inaanza kunguruma, inapanda, inapanda, mpaka vikombe vya kabatini vinagongana. Akirudi akagusa kipanya, kimya! Kama watu waliokuwa wakikusengenya, nawe ukatokea mlangoni.

Mwanzoni alicheka. Mjane yule hakuwa mtu wa kutishwa na chuma, na chuma chenyewe ndicho kilichomlisha yeye na binti yake, waliyemwita Kasuku kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki. Halafu ikaja harufu. Kila feni ilipopanda, chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Mama," Kasuku alimwambia siku moja, akichora sakafuni, "ukitoka, yule wa ndani anahesabu."

"Nani wa ndani?"

"Simjui. Anahesabu haraka haraka. Ukija anajificha."

Mama Picha hakumaliza hata kufunga khanga vizuri. Alimpigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa kompyuta ambaye hakuna msiba usio na utani kwake. Naye akaja na bisibisi zake.

"Shemeji, umefuga panya humu," alisema akifungua kifuniko. Hakukuwa na panya. Akaangalia kwenye skrini kazi zinazoendelea. Hakuna hata moja. Akasogea pembeni, wakaipa mashine visogo kama vile wanaondoka, na simu yake akaishika begani ikirekodi skrini. Walipoitazama ile video, kipimo cha mwendo kilikuwa kimefika juu kabisa.

Fundi akakuna kichwa. "Hapa kuna mambo. Prosesa, huu ubongo wa kompyuta, ni mtu anayejua kujitunza. Kazi ikija, anaongeza mwendo. Kazi ikiisha, anapunguza, anazima sehemu zake moja moja, anasinzia, umeme usiende bure. Ukigusa kitufe ameshaamka kabla hujapepesa. Sasa huyu wako anasinzia tukimtazama, anakimbia tukimpa kisogo!"

"Na mimi nina harusi za watu humo. Nifanyeje?"

"Tumnyime usingizi. Naondoa mipangilio yote ya kupumzika, halafu nampa hesabu za uongo azitafune mchana kutwa. Asipate nafasi hata ya kupiga miayo."

Akabonyeza huku na kule, feni ikashika mwendo mmoja, ile harufu ikapotea. Mama Picha akamshukuru, akamwekea chai. Jamani, dawa ya fundi huwa nzuri mpaka uone inakoelekea.

Kasuku alikuwa amelala chini ya meza ile, penye joto, usingizi wake wa kila siku baada ya chakula. Mama yake akatoka kuanua nguo. Alipokuwa na shati la mwisho mkononi akasikia pumzi, pumzi za mbio, zinapanda, zinapanda, akadhani ni feni imerudia ukorofi wake, lakini feni ilikuwa ikiimba ule wimbo wake mmoja na pumzi zilikuwa chini ya meza, na zile nywele zilizoungua zikamjaa puani, akatupa nguo, akakimbia, akapiga magoti, akamshika mwanawe shavuni, na mara pumzi zikashuka, zikawa chache, chache mno, na shavu likawa la baridi kama sufuria iliyolala nje.

"Kasuku. Kasuku mama, amka."

Wapi! Wakamtikisa, wakamnyunyizia maji, hakuamka. Fundi alikosa utani. Mbio akamfuata mkunga mstaafu wa mtaa wa pili, aliyempokea Kasuku siku ya kuzaliwa, bibi aliyesemekana kuwa mjuzi wa majini na mapepo.

Mkunga hakuja na moshi wala makelele. Alimlaza mtoto kitandani, akanong'ona, "Geukeni ukutani, wote. Msiseme kitu."

Wakageuka. Nyuma yao pumzi zikaanza kupanda, na ndani ya pumzi, kwa kinywa cha Kasuku lakini si kwa sauti yake, kitu kikawa kinahesabu upesi, bila kuvuta hewa, namba ndefu zisizo na kikomo, na Mama Picha akauma ukingo wa khanga yake asipige kelele.

"Huyu haingii penye shughuli," mkunga alinong'ona. "Hukaa penye nafasi. Alikuwa na chumba chake. Nani kamfukuza?"

"Mimi, bibi," fundi akajibu.

"Mrudishie."

Akarudisha usingizi wote wa prosesa, akafuta zile hesabu za uongo. Wakageukia ukuta tena, wakangoja, jasho likiwatiririka mgongoni. Feni ikanyamaza. Kisha, taratibu, ikaanza kunguruma.

"Mama?" sauti ndogo ikauliza. "Mbona mmegeukia ukuta? Mmekosa nini?"

Mama Picha alimkumbatia huku akilia na kucheka. Mkunga akainua mkono. "Mashine msiiguse. Mwacheni humo mpaka nimtafutie njia ya kwenda mbali."

Lakini fundi alimpenda mtoto wa kaka yake kuliko kitu chochote, na hasira ilikuwa imempanda kichwani. Mdudu akiwa ndani ya boksi, fundi huzima boksi, ndivyo alivyozoea. "Nimekupata, mshenzi!" akasema, akauchomoa waya ukutani.

"Usi—" mkunga alipiga kelele.

Feni ikapungua mwendo, ikasimama. Chumba kikawa kimya kabisa. Katika ukimya ule Kasuku akaanza kupumua mbio.

"Msemeshe!" mkunga akafoka. "Msemeshe mtoto, usimpe nafasi!"

Mama akaanza kusema, lolote, majina ya rangi, bei ya vitunguu, na pumzi zikatulia, na Kasuku akamjibu. Alipomeza mate tu, zikarudi. Waliiwasha mashine tena na tena. Yule wa ndani hakurudi. Alikuwa amepata nyumba isiyo na waya.

Tangu hapo, mkunga akiwa bado anaitafuta ile njia, wanapokezana, mama na shemeji, kumsemesha. Mtoto akisinzia wanamwimbia sikioni usingizini. Shemeji amefunga duka lake. Sauti ya Mama Picha imebaki mkwaruzo, macho yamekuwa mekundu, na leo asubuhi, katikati ya hadithi ya sungura, kichwa chake kimeanguka kifuani.

Kasuku akampapasa nywele.

"Lala tu, mama," akamwambia. "Amesema atakaa na mimi."