Fundi Aliyetenganisha Pacha

Ilianza na taa. Fundi alichomoa kebo fupi iliyounganisha zile fayawoli mbili, akaining'iniza kama mkia wa panya, lakini kwenye tundu tupu taa ya kijani iliendelea kupepesa.

"Inajifanya haijasikia," alisema, akacheka mwenyewe.

Kama hujui fayawoli ni kitu gani, usione haya, hata bosi wake hakujua. Ni mashine inayokaa mlangoni pa mtandao wa ofisi: huyu apite, yule arudi alikotoka. Ofisi ilikuwa nazo mbili. Moja ilifanya kazi. Nyingine ilikaa chini yake miaka tisa, kimya, ikinakili kila kitu cha mwenzake, ikisubiri siku azimike ishike nafasi yake. Sasa bosi amefungua tawi upande wa pili wa mji, na kwa vile ni bahili wa kutupwa, akaamuru ile ya pili ihamie huko.

"Ifute kumbukumbu kwanza, kaka," alinong'ona mwenzake wa kazi, dada aliyemtangulia pale ofisini. "Usipoifuta itaamka ikijijua kuwa ndiyo ile ya kwanza. Halafu hiki chumba usikichezee. Kuna kitu humu. Nikiongea, nasikia midomo mingine ikifuatisha."

"Hizo feni, dada."

"Feni hazipigi chafya."

Fundi alicheka hadi akaegemea kabati la mitambo. Yeye na mdomo wake! Miaka yote alijifungia humo na simu sikioni, akamwaga ya mkewe, ya mtoto, hata ya kitandani. Na kufuta kunakula saa nzima, ilhali alimwahidi binti yake wa miaka sita kwamba leo atamfundisha baiskeli. Akaibeba hivyohivyo.

Saa tisa mchana aliiwasha huko tawini. Iliunguruma, ikanyamaza, kisha chumba kikajaa harufu aliyoijua: jasho lake mwenyewe na sabuni ya nyumbani kwake. Simu ikalia. Ni yule dada wa ofisini.

"Kaka, umerudi saa ngapi hapa?"

"Niko tawini, dada."

"Basi nani ametoka chumbani sasa hivi na shati lako, akanipita bila kupepesa macho, akasema anawahi baiskeli?"

Kutoka ofisini hadi nyumbani ni mwendo wa nusu saa. Fundi alimpigia mkewe dakika hiyohiyo.

"We nani?" mke aliuliza, akicheka. "Mume wangu yuko hapa uani na mtoto. Baba, njoo usikie, kuna mtu ana simu yako, anakuiga mpaka raha!"

Na nyuma ya sauti ya mkewe fundi akasikia kicheko chake mwenyewe.

Alikimbia, akaparamia pikipiki ya kwanza aliyoiona, akateremka kabla haijasimama, akapita majirani waliomsalimu kisha wakatazamana kwa kuwa walishamsalimu mara moja, akasukuma geti akajikuta uso kwa uso na uso wake, na mkewe akapiga yowe ambalo hakulinyamazisha hadi mganga wa mtaa wa pili alipofika na chetezo.

"Mmoja wenu ni jini," mganga alisema, akipuliza makaa. "Macho yangu hayawatofautishi. Dawa yangu humtoa yule ambaye nyumba itamkataa. Waulizeni."

Mke aliwageukia wote wawili. "Mtoto alipozaliwa nikakupigia simu kazini, ulisema nini cha kwanza?"

Fundi alijua. Alijua kabisa! Lakini hofu ilimfagia kichwa kikawa kitupu, akabaki anatafuna hewa. Yule mwingine akajibu taratibu, neno kwa neno, hata na kile kikohozi cha siku ile.

"Mwanangu," fundi alisihi, "ni mimi. Niangalie."

Mtoto alimwangalia. Kisha akajificha nyuma ya miguu ya yule mwingine na kumnyooshea fundi kidole.

Dawa ilifanya kazi. Hilo ndilo baya. Moshi ulimshika koo, miguu yake ikaanza kurudi kinyumenyume bila kumwuliza, ikavuka uani, ikavuka geti, ikashuka barabarani, na kila alipofungua mdomo amwite mtoto, jina lilikuwa halimo tena.

"Baba, limeenda?" aliisikia sauti ya binti yake ndani.

"Limeenda, mwanangu," ilijibu sauti yake.

Na mkewe akaanza kumshukuru mganga, akilia.