Miguu Mizito ya Kibiriti

Kengele ya mwisho ya shule ilipolia, Kibiriti alikuwa tayari amefunga kamba za viatu. Wenzake walitoka wakipiga soga. Yeye alipita katikati yao mbio, akatupa begi mlangoni kwao, kisha akaanza kuupanda mlima wenye tangi la maji. Alipanda, akashuka, akapanda tena. Jasho lilipomwingia machoni ndipo alipogeuka kwenda kwenye mazoezi ya ngumi.

Jina la Kibiriti alipewa na wenzake wa klabu, maana hakuhitaji kuchokozwa sana ili awake. Umwambie hawezi, umemaliza kazi. Na mtu alikuwa amemwambia. Huyo alikuwa Twiga, msichana mrefu wa darasa la mbele yake, ambaye alikuwa na uzito sawa na wake. Walipopambanishwa mazoezini, Kibiriti alianza kwa moto, lakini raundi ya mwisho pumzi zilimwishia akabaki ameng'ang'ania kamba.

"Pole, mdogo wangu," Twiga alisema akivua glovu. "Pumzi huna."

Alisema kwa huruma, na huruma hiyo ilimkera Kibiriti kuliko ngumi zote alizopigwa. Mashindano na klabu jirani yalikuwa yamekaribia, na kwa uzito wao nafasi ilikuwa moja tu. Akaapa kwamba nafasi hiyo ataichukua, watake wasitake.

Klabu yao ilikuwa ndani ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mwenye karakana ndiye aliyekuwa kocha, mama wa makamo mwenye mikono yenye makovu ya cheche. Mchana alitengeneza mageti na madirisha. Jioni aliyasukuma yote ukutani, akaning'iniza gunia la mazoezi kwenye boriti na kutandika mikeka ya mpira iliyozungushiwa kamba. Huo ndio uliokuwa ulingo wao.

Kocha alikuwa amewapangia ratiba ya mbio na kuieleza mpaka koo likamkauka. Siku ya kupigana, hakuna kukimbia kabla. Anayetaka mbio akimbie polepole baada ya mazoezi, au asubuhi ya siku isiyo na ulingo. Mlima ni Jumamosi tu. Jumapili kila mtu atulie kwao.

"Kocha, na mtu akitaka kuongeza?" Kibiriti aliuliza.

"Aongeze usingizi."

Wenzake wakaangua kicheko. Kibiriti hakucheka. "Kupumzika ni kwa wavivu," alisema.

"Basi mimi ndiye mkuu wa wavivu," kocha akajibu, "na ratiba ni yangu."

Kibiriti akatia pamba masikioni. Kila siku ya kupigana alipanda mlima kwanza, tena kwa kasi, kisha akafuta jasho kwa kanga ya mama yake kabla ya kuingia karakana.

Hapo mlangoni palikuwa na utaratibu wao. Kabla ya mtu kuingia ulingoni, kocha alimtazama usoni na kumwuliza neno moja tu: "Miguu?" Aliyejibu "mizima" alivaa glovu. Aliyejibu "mizito" alishika saa siku hiyo au aliwafunga wenzake bandeji za mikono, wala hakuna aliyemcheka. Kocha hakuwa na kipimo kingine. Alimwamini kila mtoto kwa kauli yake.

"Mizima!" Kibiriti alikuwa akijibu kwa sauti kubwa kuliko wote, huku magoti yakimcheza ndani ya suruali.

Ajabu ni kwamba kadiri alivyokimbia, ndivyo alivyozidi kupigwa. Aliziona ngumi za Twiga zikija, akajua pa kukwepea, lakini miguu ilichelewa kufika. Naye akaona dawa ni moja: kuongeza mlima. Nyumbani alianza kushuka ngazi kwa kushika ukuta.

"Mwanangu, mbona unatembea kama bibi yangu?" mama yake aliuliza. Mama alikuwa dobi, na kutwa nzima alisimama mbele ya meza ya kupigia pasi.

"Si kitu, mama. Nakaza buti tu."

"Haya. Usije ukakaza mpaka zikakatika kamba."

Siku moja, walipokuwa ulingoni, Twiga alirusha ngumi ya kulia. Kibiriti alitaka kuruka pembeni. Goti likagoma. Akajikwaa, akaenda mbele mzimamzima, na paji lake la uso likamgonga Twiga mdomoni. Twiga alipiga kelele. Alipoondoa glovu usoni, damu ilikuwa ikimchuruzika mpaka kidevuni. Kocha aliuminya mdomo kwa kitambaa safi, akampeleka zahanati mwenyewe, na huko mdomo ukashonwa.

Kesho yake kocha aliwakusanya. "Jana ilikuwa ajali," alisema. "Daktari amemkataza Twiga kupigana mpaka apone, na mashindano hayatamsubiri. Kibiriti, nafasi ni yako."

Watoto wakapiga makofi. Hata Twiga, mdomo ukiwa umevimba, alipiga. Kibiriti alijaribu kutabasamu, uso ukakataa.

Nyumbani aliisukuma sahani bila kula. Mama akaiweka pasi pembeni.

"Si umepata ulichokitaka? Mbona umenuna?"

"Sikukipata, mama. Nimekiokota." Machozi yakamtoka kwa hasira, akayafuta kwa kiganja, akamweleza mama yake yote.

"Sasa utafanyaje?" mama aliuliza.

"Nitamwambia Kocha. Anifukuze akitaka."

Siku iliyofuata, aliingia karakana kabla glovu hazijagawiwa, akasimama katikati ya mikeka. Kidevu alikiinua juu.

"Haikuwa ajali," alisema. "Nilipanda mlima kabla ya kuja. Nimekuwa nikipanda kila siku ya kupigana. Uliponiuliza miguu, Kocha, nilikudanganya. Ilikuwa mizito, haikunibeba, ndiyo maana nikamwangukia Twiga. Nafasi siitaki. Nipe adhabu yoyote, lakini nafasi ya bure siichukui."

Twiga alimkazia macho. "Mjinga wewe," alisema kwa taabu, kwa sababu ya nyuzi. "Siku nyingine ukija kupigana na mimi, njoo na miguu yako."

"Nitakuja nayo. Na nisamehe, dada."

Twiga alimtazama juu mpaka chini, kisha akaitikia kwa kichwa.

Kocha alikuwa amekasirika kwelikweli. "Umenifanya nimwingize mwenzako ulingoni na mtu asiyeweza kusimama," alisema. "Mashindano haya huendi. Glovu huvai mpaka Twiga arudi. Na kuanzia leo unafuata ratiba kama ilivyo, hata Jumapili."

Kuacha glovu kulimuuma. Lakini Jumapili ndiyo iliyomtesa zaidi. Alikaa, akainuka, akachungulia dirishani, akakaa tena, mpaka mama akamwambia atamfunga kwenye meza ya pasi. Lakini alitii. Alikimbia asubuhi kwa siku alizopangiwa, taratibu, na mlima akauachia Jumamosi. Polepole maumivu yakamtoka miguuni, na siku moja akajikuta ameshuka ngazi akirukaruka bila kugusa ukuta.

Twiga alipopona, kocha aliufuta mlima wa Jumamosi moja, akawapambanisha kugombea nafasi ya mashindano mengine. Twiga hakumwonea huruma hata chembe, na Kibiriti alilifurahia jambo hilo. Safari hii alipoona ngumi inakuja, miguu ilifika mapema. Aliingia, akapiga, akatoka. Raundi ya mwisho Twiga ndiye aliyekuwa akihema, na Kibiriti bado alikuwa anacheza kwenye vidole. Kocha akauinua mkono wa Kibiriti.

"Umenishinda," Twiga alisema, akimgonga begani kwa glovu. "Lakini nitarudi."

"Rudi tu. Nipo."

Kocha aliwaita wote wakae kwenye mikeka. "Mnamwona huyu?" alisema. "Nguvu za kukimbia alikuwa nazo tangu zamani, na zilikuwa zinamharibu. Mazoezi huvunja mwili, na mapumziko ndiyo yanayoujenga. Asiyepumzika anabomoa tu. Na anayemdanganya kocha kuhusu mwili wake anamhatarisha pia mwenzake aliyesimama mbele yake. Kupanda mlima si ujasiri mkubwa, watoto wangu. Ujasiri mkubwa ni kusema ukweli wakati ukweli huo unakunyang'anya kitu unachokitaka."

Kibiriti alikuwa akivua bandeji za mikono. "Kwa hiyo, Kocha, kesho nifanye nini?"

"Kesho ni Jumapili. Unapumzika."

Kibiriti akainuka, akainua kidevu kama kawaida yake.

"Sawa," alisema. "Nitapumzika mpaka wanikome!"