Dole Gumba la Mama Rhodora

Alhamisi ile, saa tisa na nusu alasiri, Bosi Teryo alinisukumia faili la Mwalimu Rhodora Cabarles akasema limepungua karatasi mbili. Cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa kapitani, yaani mkuu wa kijiji chao, na fomu ya ridhaa ya mzazi. Mahojiano ya viza yalikuwa kesho yake asubuhi.

"Panda kijijini kwao, Leon, ukazichukue, Arlyn. Nitakusubiri hapa hapa."

Kazi yangu ilikuwa kukagua makaratasi ya walimu, kwenye ofisi iliyo juu ya duka la mikate hapa mjini Iloilo, Ufilipino. Tunawatafutia walimu kazi kwenye shule za Marekani. Masharti ya Wamarekani nayajua kwa kichwa: shahada, leseni ya ualimu, miaka miwili darasani, rekodi safi ya polisi. Ridhaa ya mzazi haimo. Hiyo aliitunga Bosi mwenyewe, ili mwalimu akiutoroka mkataba kule, yeye ajue familia ya kuibana huku. Vyeti halisi vya shahada alivifungia kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti chake, kinyume kabisa cha sheria, mpaka mtu apande ndege. Siku ile mle ndani mlikuwa na vyeti vya watu arobaini na watatu. Ukibadili mawazo, huna hata karatasi ya kuombea kazi shule ya jirani.

Rhodora alinisubiri kwenye ngazi. Mwalimu wa hesabu, mtu mtulivu, haongei ovyo.

"Ukifika kwa mama usile kitu," alininong'oneza. "Maji pia usinywe. Wala asikushike mkono."

"Kwani anaumwa nini?"

"Haumwi. Anashindwa kufa."

Akanieleza haraka haraka, macho yake yakiwa mlangoni. Mama yake alikuwa na siku kumi na moja hajala wala kunywa. Katika ukoo wao kuna kitu kinachotoka kwa mama kwenda kwa binti, na mwenye nacho hapati kupumzika mpaka ampate wa kumwachia. Ndiyo maana yeye aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na tisa, na hajakanyaga tena. Aliamini akivuka bahari hakitamfikia.

Kwetu mtu wa namna hiyo tunamwita aswang. Mchana ni jirani yako, anakuuzia mboga. Giza likiingia, ni kitu kingine.

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Nilikodi pikipiki. Tulipoanza kupanda milima ya Leon jua lilikuwa limeshalegea. Kapitani nilimkuta uani akimwosha miguu jogoo wake wa kupiganisha. Rhodora alishamwomba cheti hicho mara tatu, na mara zote tatu alimnyima. Mimi nilipotaja shida yangu aliingia ndani, akatoka na muhuri, akasaini amesimama.

"Nilikuwa namnyima ili arudi," alisema. "Akienda zake, kile kitu kitamwangukia nani? Sisi tuna mabinti hapa."

Nikamuuliza mbona leo amekubali.

"Watoto wangu hawajalala tangu kile kilio kianze. Nimechoka, dada. Nenda kabla jua halijazama."

Sikumuuliza kilio gani. Nilikisikia mwenyewe nilipofika kwenye kona ya mwisho. Mwenye pikipiki alizima injini akasema atanisubiri pale, hasogei zaidi.

Pii... pii... pii...

Sauti ya kifaranga aliyempoteza mama yake.

Nyumba ilikuwa ya mianzi, imesimama juu ya nguzo, mlango wazi. Chini hapakuwa na kuku. Hapakuwa na mbwa. Harufu ilinipokea kwenye ngazi: manyoya yaliyoloa maji, na chini yake kitu kama yai viza.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, nywele zimechanwa vizuri. Nilitegemea kukuta kitu cha kutisha. Nilimkuta mama mzee, amekonda hadi mifupa, macho maangavu. Macho ya Rhodora.

"Wewe ndiye wa makaratasi," alisema.

"Ndiyo, Nanay." Hivyo ndivyo tunavyomwita mama wa mtu.

"Anaondoka lini?"

"Akipata viza, Jumatatu."

Aligeuza uso kuelekea mlangoni.

Pii... pii...

Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Sauti ilitoka kooni mwake. Niliiona ngozi ya shingo ikituna na kunywea, ikituna na kunywea, kama kitu kidogo kinachotafuta njia.

Nilitaka kukimbia, lakini bila fomu Rhodora asingesafiri. Nikatoa fomu na kidau cha wino, nikaviweka mkekani, nikarudi nyuma. Nilimwambia kwamba hiyo ni ridhaa tu, kwamba yeye mama mtu amekubali mwanawe aende.

"Nimekubali tangu siku alipotoka kwenye mlango huo," alisema. "Mimi ndiye sijaruhusiwa kwenda."

Akakiingiza kidole gumba kinywani. Alikaa nacho humo muda mrefu, amefumba macho, kama mtoto anayenyonya. Kilio kikapanda. Kikawa kikali mpaka masikio yangu yakauma. Halafu kikakatika. Akakitoa kidole, kimeloa na kinang'aa, akakigusisha kwenye wino, lakini hakukigandamiza kwenye karatasi.

"Nani ataipokea hii?"

"Bosi wangu."

"Mwanangu aliniandikia habari zake." Alinitazama sana. "Ni mtu mwema, Inday?"

Hilo ndilo jina ambalo wazazi wetu huwaita mabinti zao. Nilikuwa sijaitwa hivyo tangu mama yangu afariki.

Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kusema lolote. Niliwaza lile kabati la chuma, nikanyamaza.

Akagandamiza kidole.

"Ishike pembeni," aliniambia, kwa upole kabisa. "Usiguse hapo kwenye wino. Mpe yeye mwenyewe, mkononi."

Niliichukua kwa ncha ya kona, nikaitia kwenye folda ya plastiki. Nilipogeuka nikiwa mlangoni alikuwa ameshalala ubavu. Kifua chake kilikuwa kimetulia. Siku kumi na moja, na sasa ametulia.

Sikurudi kumfunika. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tulishuka mlima kwa kasi. Giza lilikuwa limeshaanguka. Katikati ya njia mwenye pikipiki alipunguza mwendo, akageuza kichwa.

"Dada, umebeba kifaranga?"

Nikamwambia hapana, aendeshe. Lakini nami nilikuwa nakisikia. Kidogo sana, ndani ya mkoba uliokuwa mapajani mwangu.

Ofisini taa zilikuwa zinawaka, na Bosi alikuwa peke yake. Kwenye ngazi nilisimama. Hapo ndipo ningeweza kuichana karatasi ile, au kuitupa mtoni, lakini Rhodora angekosa safari. Na kama singempa mtu, kitu kile kingerudi kumtafuta nani? Yeye? Mabinti wa kapitani?

Mimi?

Nilipanda.

Alinipokonya folda, akatoa cheti, akatoa fomu. Akapitisha kidole juu ya alama.

"Mbona haijakauka?"

Kabla sijajibu aliupeleka mkono ule ule kinywani, akalamba kidole, akafunua ukurasa. Ndivyo afunuavyo kila faili. Ukurasa wa kwanza. Akalamba. Wa pili. Akalamba. Midomo yake ikabaki na weusi wa wino.

Nilimtazama.

Alikohoa mara moja. Akajishika shingo, akameza, akameza tena.

"Kama nimepaliwa na unyoya," alisema.

Kesho yake Rhodora alipata viza, na Jumatatu akaondoka. Mama yake alizikwa na kapitani na watu wanne. Wiki ya tatu Rhodora alinipigia simu kutoka kule, sauti yake nyepesi, akinisimulia baridi na wanafunzi wanaotafuna chingamu darasani. Halafu akaninong'oneza kama siku ile kwenye ngazi.

"Mama alikupa chochote?"

"Hapana."

"Alikushika?"

"Hapana."

"Basi kilikwenda wapi, Arlyn? Mama asingekufa bila kukiacha."

Nikamwambia mtandao haushiki vizuri, nikakata.

Bosi Teryo amebadilika. Kila mtu anasema amekuwa mtu mwema. Alifungua kabati akawarudishia walimu wote vyeti vyao. Fomu ya ridhaa aliifuta. Walimu wanamletea keki. Mimi peke yangu ndiye ninayeona kwamba hazili.

Kuna sharti moja tu analolifuatilia sasa. Vipimo vya afya. Mwalimu akionekana ni mjamzito safari yake huahirishwa, na zamani Bosi alikuwa anamwarifu kwa ujumbe wa simu, basi. Siku hizi anataka majibu ya wajawazito nimpelekee yeye mwenyewe. Anawaita. Anawapa pole. Jioni anawarudisha nyumbani kwa gari lake, ili aijue nyumba, anasema, awe anawajulia hali.

Kila mtoto aliyezaliwa kwenye kisiwa hiki anajua aswang hutafuta nini kwa mjamzito.

Mwalimu wa kwanza mimba yake iliharibika siku tisa baada ya kurudishwa kwake. Wa pili, siku sita. Daktari alisema mambo haya hutokea. Wote wawili waliniambia kwamba kulikuwa na kitu kinatembea juu ya paa, kitu chepesi, kama ndege.

Tangu hapo majibu nayaficha. Naandika "amejitoa mwenyewe", anwani nafuta, mwalimu namwambia ahamie kwa ndugu mpaka ajifungue. Nimewaficha watano. Bosi hajaniuliza. Ananitazama tu, anapita.

Usingizi sina. Kuacha kazi siwezi, nikiondoka nani atayaficha?

Juzi nilijipima bafuni, kwangu. Mistari miwili. Miaka sita tumeomba, mimi na mume wangu, na hata yeye sijamwambia. Kile kipimo nilikifunga kwenye gazeti, nikakitupa mbali na mtaa wetu.

Leo asubuhi nimekuta sahani mezani pangu. Embe bichi, limemenywa, limekatwa vipande vyembamba, chumvi pembeni.

Mlango wake ulikuwa wazi kidogo.

"Kula, Inday," alisema kutoka ndani.

Hajawahi kuniita hivyo.