Kamera Iliyomtazama Jokébed

Mbele ya Mungu, na mbele ya meno yangu saba yaliyobaki, ninaapa kwamba haya yote ni kweli tupu. Mwenye mashaka aende Butembo, kwenye depo, yaani ghala la biashara, ya Mama Solange na mdogo wake Mama Marie-Jeanne. Mimi nakaa ukuta mmoja nao. Hata mbwa wa pale ni shahidi wangu.

Ilianzia Beni, parking ya magari yaendayo Butembo, saa ile wauza ndizi na wapanga mizigo wanapiga kelele kwa pamoja. Gracien, fundi wa kamera za ulinzi, kijana mrefu mwenye shati jeupe, alisimama amekumbatia kitu cha mviringo ndani ya blanketi. Akaja msichana aliyevaa kikwembe cha manjano chenye ndege weusi, alichokishona mwenyewe, kimemkaa kiunoni mpaka mwita abiria akasahau kuita. Huyo ndiye Jokébed, mshonaji.

"Papa, mutoto wako hapana lia?" akauliza.

"Huyu hapana lia. Anageuza kichwa tu."

"Na mama yake?"

"Bado niko namutafuta."

Walikaa kiti kimoja. Kabla ya kufika Butembo blanketi lilikuwa limefunguliwa: kamera yenye mota, inayogeuka kulia na kushoto, juu na chini. Alikuwa anaipeleka kwenye depo ile. Kumbe atelier ya Jokébed, chumba chake cha kushonea, inatazamana na depo, ng'ambo ya barabara.

Gracien akafunga kamera mbili. Namba moja juu ya lango, mbele ya duka la vikwembe la Mama Marie-Jeanne. Namba mbili uani, kwenye mifuko ya simenti anayouza Mama Solange, aliye mkubwa. Waya wa kuziamuru ulikwenda mpaka chumba cha sentineli Asumani, mlinzi wa depo. Asumani anabonyeza namba, anasukuma kijiti, kamera ya namba ile inageuka. Kioo chake kidogo, chenye kitufe chake cha kuchagua picha, kilionyesha kamera moja tu kwa wakati. Kazi ikaisha, Gracien akarudi Beni, mapenzi yakahamia kwenye simu.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula sombe. Na weye?"

"Miye niko nakula sauti yako."

"Utakonda, bwana."

"Leo umevaa nini?"

"Kuya uone."

"Niko nakuona hata huku Beni. Kamera si ni yangu?"

Wakacheka wote wawili. Utani huo ulikuja kumtoa Gracien jasho.

Miezi mitatu ikapita. Wiki ileile ambayo Jumamosi yake wazee wa Gracien walipaswa kuja kujitambulisha kwa baba wa Jokébed, kamera ya lango iliasi. Iliacha lango, ikatazama dirisha la atelier, pale wanawake wanapopimia nguo. Ikageuka, ikarudi. Bibi-harusi mmoja alitoroka akiwa amevaa mkono mmoja tu wa gauni.

Jokébed akashika simu.

"Gracien, uko wapi?"

"Mavivi, mon amour. Niko nafunga…"

"Uko naangalia nini sasa hivi?"

"Waya."

"Bongo! Uongo mutupu! Uko naangalia bateja bangu banavua nguo!"

"Jokébed, hapana…"

"Weye mwenyewe ulisema unaniona hata kule! Miye nilizani ni muchezo."

"Mais ilikuwa muchezo!"

"Donc bazee bako babaki kwao Jumamosi. Miye hapana olewa na mutu wa kuchungulia."

Simu ikakatika.

Asubuhi iliyofuata Gracien alishuka kwenye pikipiki mbele ya depo, shati lake jeupe limekuwa rangi ya barabara. Hakuvuka kwenda kwa Jokébed. Alijua maneno yake yameishiwa nguvu; ilibidi kamera yenyewe ikiri.

Kwanza alishuku umeme. Waya ukiwa mrefu, mota inakosa nguvu, kamera inachanganyikiwa. Akapima: umeme uko sawa.

"Labda ina pepo," Asumani akasema.

"Pepo gani anapenda nguo za banamuke tu? Papa Asumani, nionyeshe simenti."

Asumani akachagua picha ya simenti kiooni, kisha akabonyeza moja.

"Juu ya nini umebonyeza moja? Simenti ni mbili."

"Mbili hapana sikia tena tangu Jumatatu. Mais nikibonyeza moja, simenti inageuka bien. Nikasema basi, kazi inaendelea."

Gracien akachungulia mlangoni. Juu ya lango, kamera ya kwanza nayo ilikuwa inageuka, polepole, kuelekea dirishani. Kamera zote mbili zilikuwa zinaitikia namba moja!

Akavuka barabara mbio. Jokébed alikuwa ameketi, futi ya kupimia shingoni, uso umefungwa.

"Kuya dakika moja tu. Hapana juu yangu. Juu ya bateja bako."

Akaja mpaka chumba cha Asumani, mikono kifuani. Gracien akampa kijiti. Kiooni ilionekana simenti.

"Sukuma. Angalia mifuko ya kule pembeni."

Akasukuma. Mifuko ikatokea.

"Sasa tazama lango."

Kamera ya lango ilikuwa imeikodolea macho atelier yake. Akavuta kijiti, ikaondoka. Akasukuma, ikarudi.

"Ni miye niko nafanya vile?"

"Uko najichungulia mwenyewe."

Akauma mdomo ili asicheke. "Donc ni simenti ilikimbiza bibi-harusi wangu?"

"Ni simenti. Lakini miye niko na kosa pia. Nilifunga jicho mbele ya mulango wako bila kukuuliza, tena nikaifanya muchezo. Nisamehe. Leo nitaiwekea mpaka: itageuka hadi ukingo wa barabara, hapana pita."

Jokébed akavuta futi yake shingoni, akaikunjua.

"Na bazee bako?"

"Ulibafukuza."

"Ubarudishe. Mais bakuye na mbuzi banene."

Gracien akapanda ngazi, akalegeza visi nne, skrubu za kifuniko, akafungua kamera ya uani. Ndani kuna viswichi vidogo vinavyobeba namba yake. Kimoja kilikuwa kimesogezwa, mbili imekuwa moja. Nani alikisogeza? Jumamosi ile, nyumbani kwa baba wa Jokébed, mbele ya familia zote mbili na majirani, nilisimama nikaeleza: mjusi. Mjusi mnene aliingia kutafuta joto, akapiga swichi kwa mkia.

"Papa Mathe," Jokébed akasema taratibu, "huyo mujusi alitoka, akafunga kifuniko, akakaza visi zote ine?"

"Kuna mijusi bafundi, mutoto wangu."

"Na tournevis ya kukazia visi alipata wapi?"

Mama Solange akashindwa kuvumilia. "Nyamaza, Mathe! Ni miye nilikutuma! Miye mutoto wa kwanza wa mama yetu, mudogo wangu aitwe namba moja, miye niitwe mbili? Kwetu mutu anabeba nafasi yake mpaka ndani ya jina!"

Nyumba nzima ikanigeukia, bila kijiti. Nilifanya kazi posta miaka thelathini, nikajifundisha ufundi peke yangu, na sikuwahi kutazamwa hivyo.

Wazee walikata shauri haraka: kuwa faini yangu, mbuzi mmoja wa mahari atatoka zizini kwangu. Nikaenda, nikafungua beberu mdogo, mwembamba. Jokébed, aliyenifuata na kikwembe chake kipya, akatikisa kichwa. Akaonyesha kwa kidole jike mweusi mwenye mimba.

"Ule pale, papa. Na kamba yake."

Nikampa na kamba.