Njia ya Bi Ormerod

Haya yalimpata Lorna, binti wa kaka yangu, hapa hapa Bacup, kaskazini mwa Uingereza, na anayetaka kubisha aende jikoni kwake akanuse. Mimi ni mtu wa usafi, waniache hivyo. Nimeingia nyumba nyingi chafu nikanyamaza, ila ile ilinichefua mpaka leo nikikumbuka siwezi kula.

Tulikuwa ofisini kwa wakili Hallworth, mvua ya kawaida nje, chai ya maziwa mkononi. Lorna alikuwa na mimba kubwa, amechoka kuishi kwa kupanga, na nyumba ile ya katikati ya safu ya nyumba zilizoshikana ndiyo pekee yeye na mumewe Dean waliyoimudu. Alikuwa na maswali ya kila mnunuzi: ukuta wa pembeni ni wa nani, mtaro wa maji machafu unapita wapi, nikibadili mawazo itakuwaje.

"Kabla ya kubadilishana mikataba unajiondoa tu," wakili akasema. "Baada ya hapo umefungwa. Ila kuna jambo moja. Nyumba ya mwisho ina haki ya kupita uani kwako kwenda kichochoroni."

"Si ile ya Bi Ormerod?" nikauliza. "Bibi wa watu alishazikwa."

"Yeye amekufa, njia haijafa. Haki hiyo ni ya ardhi, si ya mtu. Nimemuuliza muuzaji, mzee Stott, kama kuna anayeitumia, akajibu ndiyo."

"Nani sasa, wakili? Nyumba imefungwa, warithi wanaigombania!"

"Labda mzee amesahau kuwa bibi alikufa," akasema, akacheka. Tukacheka wote. Lorna akatia sahihi.

Bi Ormerod nilimfahamu tangu utoto wangu. Alichemsha utumbo wa ng'ombe maisha yake yote, akala kwa siki na vitunguu, na kila jioni watu wakiosha vyombo, alipita uani hapo na ndoo ya mabaki kwenda kuyamwaga kichochoroni. Alikuwa mkarimu, Mungu amsamehe. Akimkuta mtoto njiani, alimtia kipande mdomoni kwa vidole vyake vyenye mafuta, utake usitake. Mimi changu nilikitemea kwenye maua ya mama.

Mzee Stott aliacha nyumba safi. Kitu kimoja tu kilinishangaza: lango la uani lilikuwa limefungwa kwa waya likiwa wazi, lisiweze kujifunga, na waya wenyewe ulikuwa unateleza kwa mafuta. Lorna aliukata akautupa.

Wilf alipozaliwa, Dean akapanua jiko mpaka likameza ua wote. Watu wengi mtaani kwetu wamefanya hivyo. Njia za majirani zimejaa kwenye hati, na hakuna anayezijali mpaka mtu alalamike. "Nani atalalamika?" fundi akasema, akainua ukuta mpya pale palipokuwa na lango. Kigari cha mtoto kikawekwa hapo pembeni, penye joto.

Haukupita muda Lorna akanipigia simu.

"Shangazi, njoo. Njoo unuse."

Sakafuni kulikuwa na mstari wa matone, meupe, yaliyoganda, kutoka ukuta mmoja hadi ule mpya. Alikuwa ameyasugua kwa magadi jana. Na juzi. Dean alifumua mabomba yote, asikute kitu. Harufu ilikuwa ya utumbo uliochemshwa na siki. Nikafunga pua kwa leso, nikajitia ushujaa nikaanza kuosha vyombo.

Ndipo nikasikia mshikio wa ndoo.

Kwiii. Kwiii.

Tone likaanguka sakafuni. Halafu jingine. Hapakuwa na mtu. Matone yalipita nyuma ya miguu yangu, na kitu kikanigusa sketi. Yakafika kwenye kigari. Yakasimama.

"Wilf," Lorna akanong'ona.

Matone yakaendelea hadi ukutani. Pale hayakuwa na pa kupita. Yakaanguka mahali pamoja, yakawa dimbwi. Rangi mpya ya ukuta ikaloa mafuta, usawa wa bega la bibi mfupi. Bega lilikuwa linasukuma.

Mtoto alikuwa anatafuna.

Hana hata jino. Nilimtia kidole mdomoni nikavuta. Kipande cheupe, chenye vishimo kama sega la nyuki, cha moto. Nilitapika kwenye sinki, juu ya sahani safi.

"Uzeni," nikamwambia, kwa sauti ya chini. "Uzeni mhame."

"Nitauzaje? Muuzaji anaulizwa kama ana ugomvi na jirani. Niseme nini, shangazi? Nagombana na maiti? Nikificha, watanishtaki. Na hela yetu yote iko humu."

Akampigia simu mzee Stott. Nilikuwa namsikia, ametulia, mshenzi yule, anakunywa kitu.

"Mliniuliza kama kuna anayepita," akasema. "Nikajibu ndiyo. Mimi nilimwachia lango wazi miaka yote. Nani aliwatuma mzibe?"

Dean akavunja ukuta kesho yake. Akaweka mlango huku na mlango kule, na jioni ikifika yote miwili inaachwa wazi, hata theluji ikianguka, wenyewe wakitetemeka ndani ya makoti. Matone yakaisha. Harufu ikapungua. Nikaisugua sakafu ile kwa mikono yangu mpaka nikaridhika, nikadhani tumemalizana na bibi.

Lakini Wilf amekataa maziwa. Amekataa uji. Lorna analia, daktari anampima anaona ananenepa tu.

Jana nilikuwa nimempakata. Tulipoanza kuosha vyombo, aligeukia mlango akafungua mdomo wazi kabisa, kama kifaranga. Nikausukuma mlango kwa mguu nikaufunga. Nikamkumbatia kwa nguvu, uso wake kifuani pangu.

Nikamsikia anatafuna.

Nilipomtazama, sakafu ilikuwa safi. Kidevuni pake kulikuwa na alama za vidole, za mafuta. Na kwenye midomo yangu mimi, niliyekuwa nimeifumba kwa hofu, kulikuwa na ladha ya siki.